Koti la Asumini

Katika nyumba zote za mtaa ule wa Troyeville unaoteremka kama ngazi, ilikuwa moja tu yenye mti unaovaa koti. Mti wenyewe ulikuwa mwasumini. Ulitoka Unguja ukiwa kijiti cha shubiri moja, kimeviringwa kitambaa kibichi na kufichwa ndani ya kiatu, na Mzee Pandu Ameir, fundi wa makochi, akaupanda nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta wa mawe unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Koti lake alilishona kwa vipande vya mahameli nyekundu vilivyobaki kazini. Ndani akalitia bitana ya blanketi la sufu, mbele akalitia vitanzi na vifungo vya mbao, likawa kama joho la kadhi. Kila mwaka, mwezi wa Mei ulipoanza kuzeeka na jua la Johannesburg likawa la kung'aa tu bila kupasha, mzee aliuvika mti wake koti lile, akafunga vifungo kimoja kimoja toka chini hadi juu, na majirani wakasimama kumcheka. Alicheka pamoja nao. Miaka kumi na minane mwasumini ule ulivuka baridi ambayo Mungu hakuuumbia.

Aliyecheka kuliko wote ni mkewe, Bi Nasra.

"Mti una koti la mahameli," alikuwa akisema, "na mimi mkeo nina sweta la mtumba lililotoboka kiwiko. Huyo si mti, Pandu. Huyo ni mke mwenzangu."

Mzee, ambaye chuoni alisomeshwa mashairi pamoja na juzuu, humjibu kwa mizani:

"Usimuonee wivu, mwenzio hana kauli,
Ni mgeni mnyamavu, amenifuata mbali."

Wala Bi Nasra hakuwa na kinyongo cha kweli. Jioni za msimu wa joto mumewe alimchumia maua, akamtungia kikuba, akakilaza juu ya mto wake. Baridi ndiyo asiyoitaka. Ikiingia, yeye huketi jikoni karibu na jiko, na kazi zote za bustani humwachia mwenyewe anayezipenda, akimtazama kupitia kioo cha dirisha kwa jicho la mtu anayengoja chai ichemke.

Mwaka huu, siku ya tatu ya Idi ya Ramadhani, wageni wamekwisha kuondoka na Bi Nasra yumo jikoni na rundo la sahani, mzee aliingia akaegemea mwimo wa mlango.

"Nasra, baridi ikija nisaidie kumvika mwenzio koti. Mabega yangu hayainuki tena. Nitakufundisha vifungo, vina mpango wake."

Miguu ilikuwa ikimuuma Bi Nasra, maji ya bomba yamepoa, na neno likamtoka kabla hajalipima. "Mti wako, koti lako. Mvike mwenyewe. Ukishindwa, mwache afe, na mimi nipumue."

Mzee akacheka kidogo, akachukua kofia yake, akaenda msikitini. Siku ya tano asubuhi akaenda karakanani. Baada ya adhuhuri wakamkuta ameinama juu ya kochi la watu, sindano mkononi, uzi haujakatwa, na roho imekwisha kurejea kwa Mwenyewe.

Wahenga walinena, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyejikwaa dole hulifunga kitambaa, likapona. Bi Nasra alirudi kutoka chumba alimooshewa mumewe akalitafuta jeraha la kufunga, asilione.

Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ya kukaa katika nyumba ya marehemu, bila manukato, bila wanja, bila hina, bila dhahabu, na bila kuvuka lango ila kwa dharura. Katika mji ule wa kukimbizana, wajane wengi wa kwao huikata eda njiani, wakarudi makazini na machozi yao. Bi Nasra aliazimia yake isipungue hata saa moja. Alijiambia: ulimi umekwisha kukosa, viungo vilivyobaki visikose.

Aliyemsimamia alikuwa Bi Masika, mwanamke wa Tanga aliyepita miaka sabini, mpangaji wa chumba katika ghorofa moja la Berea. Kila Jumatano alipanda teksi akaja kumtazama mfiwa. Siku ya kwanza aliipekua nyumba kama afisa wa forodha. Chupa za manukato akazitia mkobani, udi akaufungia kabatini, hata sabuni ya waridi akaitoa bafuni.

"Dada Masika, sabuni nayo?"

"Nayo. Unataka kutakata au kunukia?"

Kisha akafika dirisha la jikoni, akasimama. Mwasumini ulikuwa bado na maua machache ya mwisho.

"Na ule?"

"Ule ni mti, dada."

"Naona ni mti, sikudhani ni mbuzi. Usiusogelee mpaka utoke eda. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alituambia: mjane akiugusa mwasumini, harufu humshukia maiti kaburini, ikamwondolea utulivu wake. Usiuguse, wala usiagize uguswe."

"Hata ukiwa hauna maua?"

"Jani lake ni harufu iliyolala, mdogo wangu. Utaiamsha."

Bi Nasra hakubisha. Maua yale yakafunguka jioni na kuanguka asubuhi, hapakuwa na wa kuyaokota, yakakauka juu ya udongo hadi upepo ukayachukua.

Mfungo Pili ukaingia pamoja na mwezi wa Mei. Bustani ilikuwa ndani ya lango, na kuilima hakukukatazwa na mtu. Bi Nasra akavaa viatu vya marehemu, vikubwa kwake, akatoka kufanya kazi aliyoiona kwa mbali mara kumi na nane. Alichimbua viazi vitamu kabla ardhi haijawa baridi. Akaukata mchaichai ukabaki visiki, akavifunika majani makavu kama atandikaye godoro. Pilipili zilizosalia akazianika dirishani. Akapanda vitunguu saumu na spinachi katika matuta yaliyoachwa wazi, akajizoeza kumwagilia asubuhi badala ya jioni, akautoa maji mpira wa kumwagilia na kuukunja, maji yasije yakagandia ndani ukapasuka. Mikono ilimpasuka yeye. Kila tuta alilolimaliza alimsomea Pandu Fatiha, na bustani yote ikawa tayari, imejikunyata, imejifunika. Isipokuwa pembe ile moja chini ya ukuta wa mawe, ambako majani ya mwasumini yalikuwa bado mabichi na shina liko wazi.

Koti la mahameli lilikuwa linaning'inia stoo kwenye msumari wake. Alipoingia kuchukua jembe alilipita ubavu, kama mtu anayempita aliyegombana naye.

Jirani yake, Ignace, Mkongomani wa Lubumbashi, alichungulia juu ya ukuta siku moja baada ya alasiri.

"Mama Samira, pole na kazi. Bustani ni muzuri. Na ule muti wa mzee? Baridi inakuya."

Bi Nasra alijibu bila kuinua macho. "Bado, jirani. Iko siku yake."

"Siku gani, mama? Muti hauna kalenda. Kwetu tunaijua jalidi, umande ukiganda unachoma kama moto. Nimutume bibi yangu Gaëlle akuje kuuvalisha? Dakika tano tu."

"Hapana, ahsante. Uacheni."

Ignace akaguna, akateremka kutoka kwenye ndoo aliyopandia, na ndoo ikasikika ikibiringika.

Bi Nasra angeweza kumwachia Gaëlle, mke wa Ignace. Angeweza kumwachia Samira, bintiye pekee, afanyaye kazi Midrand na kuja kila Jumamosi, ambaye wala hakuwa na habari ya katazo lile. Lakini aliyeombwa na Pandu alikuwa Nasra. Mkono mwingine ukifunga vifungo vile, ombi la mumewe lingebaki limeegemea mwimo wa mlango wa jikoni, halina jibu mpaka siku ya kiyama. Na mkono wake yeye ndio uliofungwa. Akiuvika mti, atamtaabisha mumewe kaburini. Asipouvika, atakuwa ametimiza neno lake mwenyewe: mwache afe. Pande zote mbili aliyeumia alikuwa Pandu.

Mara tatu alishika simu ampigie Sheikh Yasini, imamu wa msikiti wao, amuulize. Mara tatu akaiweka. Aliona kuuliza ni kutafuta upenyo, na mkosaji hatafuti upenyo. Basi akangoja, akiomba kila baada ya sala kwamba mwaka huu Mola aizuie baridi milimani iliko, isishuke. Na kwa muda ikawa kama imezuiliwa. Mei ikaisha kwa jua jema. Idi ya kuchinja ikaja, Samira akaja na nyama na mkate, wakala wawili tu, na mwasumini ulikuwa ungali kijani.

Siku ya pili baada ya Idi, alipokwisha sala ya alfajiri na nyiradi zake, aliona weupe dirishani usiokuwa wa mapambazuko. Akavuta shuka ya sala mabegani, akafungua mlango wa nyuma. Nyasi zililia chini ya miguu yake kama chumvi ya mawe. Matuta aliyoyafunika yalikuwa yamelala salama. Spinachi imeinama, lakini i hai. Akatembea mpaka hatua tatu kutoka ukutani, akasimama. Mwasumini ulikuwa mzima, kila jani mahali pake, kijani kilichoiva, lakini kijani cha kioo. Moyo wake ukataka kufurahi. Ndipo jua likachomoza juu ya paa la jirani, likaugusa ukuta wa mawe, jua lile lile ambalo Pandu aliuchagulia mti wake, na lilivyoyeyusha yale majani ndivyo yalivyolegea moja baada ya moja, yakawa meusi, yakaning'inia kama matambara ya kusugulia masufuria. Hakuna kilichoanguka. Hakuna kilichotoa sauti. Na hata wakati ule, kwa hofu ya kaburi, hakunyosha mkono.

Samira, aliyekuwa amelala pale tangu Idi, alimkuta hapo, ameshika tama, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Mama! Eish, mama, tangu saa ngapi uko hapa? Njoo ndani."

"Umekufa, Samira. Niliuambia ufe, na umekufa."

"Nini? Mama, kwa nini hukusema? Ningevalisha mimi. Koti si lipo?"

Hapo Bi Nasra akamweleza katazo la Bi Masika, na maiti, na harufu iliyolala. Samira alikuwa mtoto aliyezaliwa pale pale Johannesburg, Kiswahili chake kifupi na subira yake fupi zaidi. Akatoa simu, akampigia Sheikh Yasini, akaiweka sauti wazi baina yao.

Sheikh akasikiliza mpaka mwisho. "Bi Nasra," akasema kwa upole, "mjane amekatazwa kujipamba na kujitia manukato. Kuulinda mti na baridi si kujipamba. Mumeo kakuachia kiumbe cha Mungu, ukitunze. Na maiti hasumbuliwi na harufu ya jani, Mola wake ni mpole kuliko hivyo." Kisha akauliza, "Mbona hukuuliza, dada yangu? Simu yangu i wazi kila siku."

Yale ya kwanza aliyapokea amesimama. Hilo la mwisho lilimketisha chini, juu ya nyasi zilizolowa.

Akainuka baadaye, akaingia stoo, akatoka na koti. Alilipanga mabegani mwa mti kama anayevika mgonjwa, akaanza vifungo. Mpango wake hakuujua. Cha kwanza kilipata kitanzi cha pili, na vilivyofuata vyote vikafuata kosa, koti likakaa upande, kola imeinuka kushoto.

"Mama," alisema Samira taratibu, "hii imekufa. Unafunika nini?"

"Na baba yako tulimfunika."

Samira akapiga magoti, akashika pindo la chini lisiburure.

Tangu siku ile, kila alasiri Bi Nasra aliuvika mti na kila asubuhi akauvua, ili jua lipate shina. Ignace alimwambia kutoka juu ya ndoo yake asikate tawi hata moja kabla baridi haijaondoka, maana huenda mizizi imesalimika, na tawi lililokufa hulikinga lililo hai chini yake. Bi Nasra alilishika neno hilo kama tasbihi. Akaurundikia shina majani makavu, akamwaga maji kidogo saa tatu asubuhi, akainama kila siku kutafuta chipukizi ambalo yeye mwenyewe alijua si wakati wake.

Samira alitaka kumkabili Bi Masika. Mama yake akamzuia.

"Humjui yule. Mumewe alifia Hillbrow, miaka yao ya kwanza mjini hapa. Siku ya saba njaa ilimtoa ndani, akarudi kuuza vitumbua pembeni mwa barabara, kwenye taa za robot, na kilemba cha msiba kichwani. Eda aliyonyimwa ndiyo aliyonikunjulia mimi. Ameikunjua ikapita kiasi, lakini aliitoa sandukuni mwake."

Bi Masika mwenyewe alikuja Jumatano yake akaliona koti. Alipoambiwa alivyosema sheikh, aliguna, "Masheikh wa siku hizi, haya," akaomba chai. Hakuinywa. Na kuanzia hapo, akija, alichagua kiti kilichogeuzia dirisha mgongo.

Siku zikahesabika. Kumi na tano za Mfungo Tano, mwezi wa Agosti, eda ikatimia. Wanawake wa kwao wakaja tangu asubuhi, wakateleka sufuria kubwa la maji ya kumkogesha mjane, wakatoa nguo mpya, na Bi Masika akazirudisha chupa zote za manukato, hakuna iliyopungua. Bi Nasra akawaomba wamsubiri kidogo. Alikuwa amemwita Ignace.

Ignace akapita langoni kwa mara ya kwanza tangu msiba, kofia mkononi, akasalimu kwa haya. Akatoa kisu kidogo. Alianza juu, akakwangua gamba: kahawia. Akashuka, kahawia. Akashuka mpaka shina lililo nene kama kifundo cha mkono, akakwangua pande zote nne. Kisha akaondoa majani makavu kwa vidole, akachimba taratibu, akatoa ncha ya mzizi, akaiminya. Ilikuwa laini, imetoa maji meusi.

"Mama Samira, niseme kweli ao nikufariji?"

"Sema kweli."

"Ulikufwa siku ile ile. Mpaka chini. Ungewekewa majani kwa miguu mbele ya baridi, mizizi ingebakia." Akafuta kisu kwenye suruali. "Pole sana, mama. Mzee alikuwa ananiambia, muti huu ni uso wa kwetu."

Akaenda zake, hakugeuka.

Bi Masika alikuwa amesimama mlango wa jikoni, na alisikia yote. Akateremka vidaraja akishika ukuta, akaja mpaka ulipo mti, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Mimi nimeuua, Nasra. Maneno ya bibi yangu niliyachukua mzigo mzima, sikuyapembua. Mti wa Pandu nimeuua mimi. Niambie unavyotaka kuniambia."

Miezi miwili Bi Nasra alikuwa akilingoja neno hilo. Alilingoja kila alipofunga kifungo cha kwanza kwenye kitanzi cha pili, maana akipatikana mwingine wa kuubeba ule mzigo, yeye angelala. Sasa limekuja, tena kwa machozi, na ilikuwa ni kunyosha mkono tu alipokee. Akamtazama yule mwanamke mkongwe ndani ya shali yake.

"Dada," akasema, "wewe ulinizuia mkono. Ulimi ulikuwa wangu."

Akamwambia. Hakuwa amemwambia mtu yeyote: sahani, mlango wa jikoni, mabega yasiyoinuka, na neno zima kama lilivyotoka, hakupunguza herufi.

Bi Masika akajifuta uso kwa pindo la shali. "Naye akafanyaje?"

"Alicheka."

"Basi kama alicheka, mdogo wangu, amekwisha kukusamehe kabla hajavuka kizingiti."

"Huenda. Alikuwa mtu wa namna hiyo." Bi Nasra akajifuta macho kwa kifundo cha mkono. "Lakini sikumwomba radhi, dada. Alikaa siku mbili akiwa mzima ndani ya nyumba hii, tukala pamoja, tukasali pamoja, na sikumwomba. Eda nimeitimiza, mti nimeulinda ukiwa umekufa, na bado sijamwomba. Na sasa nimwombe wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja Jumatano, Bi Masika hakujaribu kutafuta jibu kwa bibi yake. Akamshika mkono. Vidole vya wote wawili vilikuwa baridi.

Ndani, mwanamke mmoja akakohoa karibu na dirisha.

"Niombee," alisema Bi Nasra.

"Na wewe uniombee."

"Haya. Twende ndani. Maji yao yanapoa."